Mti uko gadeni kwangu, kaunsili inanizuiaje kuukata?

Shangazi shikamoo,

Mi msomaji wako wa siku nyingi, niko England, tuseme Midlands inatosha maana huku wabongo tunajuana. Mwaka jana mimi na mume wangu alhamdulillah tulinunua nyumba, ni ya mogeji, yaani mkopo wa nyumba, lakini ni yetu, baada ya miaka ya kupangapanga na kuhamishwahamishwa na wenye nyumba. Nyumba nzuri, majirani hawana kelele, shida yangu ni mti.

Nyuma kwenye gadeni kuna mwaloni mkubwaaa. Siku ya kuja kuangalia nyumba ilikuwa Februari, mti hauna jani hata moja, wakala anasema mnaona mti mzuri huo, na sisi tukasema mashallah. Kufika Juni ndo tukajua tumenunua nini. Jikoni giza mchana kweupe, nawasha taa saa sita mchana wakati bili ya umeme unaijua ilivyo, nguo nikianika hazikauki na zikikauka zimeshachafuliwa na njiwa, ikija Oktoba majani yanaziba mifereji ya paa maji yanamwagika ukutani. Halafu kuna tawi limekuja mpaka juu ya chumba cha watoto, upepo ukivuma linagonga vigae usiku kucha, mtoto wa mwisho anahamia kitandani kwetu. Na sasa hivi kuna ufa umetokea ukuta wa sebuleni, mume wangu anasema ni mizizi hiyo, huu mti utatuangushia nyumba na deni tunalo.

Basi kaamua mti uende. Shemeji yangu ana rafiki yake mwenye van na cheni soo, kasema pauni mia nne keshi anaulaza Jumapili na magogo anaondoka nayo, tumeshampa advansi mia na hamsini. Kila kitu kimepangwa, mara bibi jirani, mzungu mtu mzima, akanikuta nje akanambia kwa upole tu kwamba huo mti unalindwa, una TPO, msiuguse kabla hamjauliza kaunsili, yaani halmashauri.

Nilipomwambia mume wangu, wee, moto uliwaka. Anasema huyo bibi ana roho mbaya, toka tumehamia anatuchungulia, tungekuwa wazungu wenzie asingefungua mdomo. Nyumba yangu, kiwanja changu, kodi ya kaunsili nalipa mimi, sasa nani wa kunipangia. Shemeji ndo anachochea, anasema mkikata Jumapili kaunsili imefungwa, Jumatatu wakija watafanya nini, watau-gundisha? Na huyo rafiki yake ana wazo jingine, eti kama mnaogopa tunatoboa shina kwa drili tunamimina dawa, ukikauka mnasema umekufa wenyewe.

Shangazi naomba uniambie ukweli, kuna sheria kama hiyo kweli au bibi anatutisha? Na kama ipo, hata tawi la kwenye paa haturuhusiwi? Tukiomba ruhusa ni shilingi ngapi na muda gani? Upande wa pili pia kuna mti wa cheri wa jirani mwingine matawi yake yanaingia kwetu, hayo nayo vipi? Na nitaongeaje na mume wangu asione nimehamia upande wa jirani?

Mama wa Midlands

*

Marhaba mwanangu, na hongereni kwa nyumba.

Naanza na Jumapili, mengine yanaweza kusubiri. Jumapili hiyo halikatwi hata jani. Mpigieni huyo wa van leo, sio kesho, na mkishaongea naye kwa simu mtumieni na meseji ya maandishi kwamba asije na asiguse mti mpaka mmwambie wenyewe. Iwe maandishi, maana sheria ya huko haimshiki mwenye cheni soo peke yake, inamshika na aliyesababisha mti ukatwe au aliyeruhusu. Mumeo akisema "mi sikuupanda wala sikuukata, kakata fulani", haitamsaidia kitu.

Sasa, sheria ipo. Ni ya mipango miji ya mwaka 1990, na kanuni zake kwa England ni za 2012. Kaunsili ikiona mti una faida kwa wanaopita na wanaoishi eneo hilo, unapendezesha mtaa, inaweza kuutolea amri ya ulinzi na hiyo amri ndo hiyo TPO aliyokwambia bibi. Haichagui aina ya mti, haichagui ukubwa, inaweza kushika mti mmoja, kundi la miti au msitu mzima, na haijali mti uko barabarani au uko kwenye gadeni ya mtu aliyelipa mogeji yake vizuri. Mti unabaki wako kabisa, ukiangukia gari la mtu kwa uzembe wako kesi ni yako, isipokuwa huruhusiwi kuukata, kuupunguza matawi, kuukata kichwa, kuung'oa au kuuharibu kwa makusudi, mizizi ikiwemo, mpaka kaunsili ikubali kwa maandishi. Najua inauma, majukumu yote yako halafu uamuzi sio wako peke yako, ila ndo ilivyo na ilikuwepo kabla hamjanunua.

Tena mngeweza kuijua kabla. TPO inaandikwa kwenye rejista ya kaunsili na solisita, yule mwanasheria wenu wa kununua nyumba, akifanya upekuzi inatakiwa itokee kwenye majibu. Lile bunda la karatasi mlilopewa wakati wa kununua bado mnalo? Kalisomeni leo. Halafu ingia tovuti ya kaunsili yenu, nyingi zina ramani ya miti inayolindwa, unaandika postikodi unaona. Na hata usipoona kitu kwenye ramani andika imeili kwa ofisa wa miti (kaunsili karibu zote zina mtu wa kazi hiyo, na wengi wao ni watu wa kupenda kusaidia kuliko unavyodhani) uulize maswali mawili: je mti huu una TPO, na je nyumba yetu iko ndani ya eneo la hifadhi ya majengo na mandhari ya zamani. Hilo la pili watu wanalisahau. Mkiwa ndani ya eneo la namna hiyo, hata mti usio na TPO, kama shina lake limezidi unene wa milimita 75 ukipima mita moja na nusu kutoka chini, lazima muwape kaunsili taarifa ya wiki 6 kabla ya kukata. Ndani ya hizo wiki 6 ama watautolea mti TPO, ama watawaacha muendelee na yenu.

Jibu likija kwamba hauna TPO na hamko kwenye eneo hilo, basi jamani ni mti wenu, bibi alikosea, kateni. Lakini mwaloni mkubwa hivyo, mi naweka pesa yangu kwa bibi.

Sasa la shemeji, "watafanya nini, watau-gundisha". Mwambie hivi. Kuua mti wenye TPO bila ruhusa ni kosa la jinai. Zamani mahakama ndogo ilikuwa na kikomo cha pauni 20,000, toka 2015 kikomo hicho kimeondolewa, faini haina mwisho, na hakimu anatakiwa kuangalia umepata faida gani kwa kuukata. Hata kukata matawi tu bila kuuua mti faini inafika 2,500. Na kusema "sikujua kama unalindwa" sio utetezi, na wewe ndo kabisa, umeshaambiwa na jirani mnatazamana. Kuna jamaa wa Poole, kule pwani ya kusini, alitiwa hatiani mwaka 2012 kwa kuangusha msonobari wa jirani uliokuwa unaiziba nyumba yake. Alipigwa faini pauni 75,000, halafu juu yake mahakama ikasema nyumba yako imepanda bei kwa sababu mti haupo, hiyo faida ni ya uhalifu, leta na pauni 50,000 nyingine. Akakata rufaa, rufaa ikagonga mwamba. Hiyo sheria ya kunyang'anya faida ya uhalifu ni ile ile wanayowashikia wauza unga, mumeo aisome hapo mara mbili.

Na ukishalipa hujamaliza, unatakiwa upande mti mwingine wa ukubwa na aina inayofaa pale pale, na huo mche mpya nao unazaliwa na ulinzi ule ule. Kwa hiyo ndio shemeji, kwa namna fulani wanau-gundisha.

Drili na dawa ndo usiseme hata kwa utani kwenye grupu la WhatsApp la familia. Mti uliotobolewa unaonekana, mashimo yanakaa pale pale kwenye shina, na hao maofisa ni kazi yao kuangalia mti umekufaje. Hapo hata ile huruma ya "hatukujua, sisi wageni" inakuwa imekwisha, maana mtu hatoboi shina kwa bahati mbaya. Na mwaloni uliokufa umesimama juu ya chumba cha watoto ni hatari kuliko huu mlio nao.

Nije kwa bibi. Mumeo anaona ubaguzi, na mi siwezi kumwambia haupo England, ukikaa huko unaujua unavyokuja na tabasamu lake. Ila kwenye hili la miti nadhani anamwonea. Waingereza na miti yao ni habari nyingine kabisa. Sheffield mwaka 2016 kaunsili ilipeleka watu alfajiri mtaa wa Rustlings kukata miti ya barabarani, wakazi wakaamshwa vitandani, polisi wakakamata na wanawake wawili wastaafu wa miaka 70 na kitu waliokataa kuondoka chini ya mti. Kaunsili yenyewe hiyo, sio mgeni. Mwaka 2023 vijana... sio vijana, watu wazima wawili walikata usiku mti mmoja maarufu kule kaskazini pembeni ya ukuta wa Hadrian, Sycamore Gap, Julai 2025 wakafungwa miaka minne na miezi mitatu kila mmoja. Kesi yao ilikuwa ya kuharibu mali ya watu, tofauti na yenu, nakwambia tu uone joto la huko likoje. Bibi angetaka kuwakomoa angenyamaza, awaache mkate, halafu apige picha apige na simu. Kuja kukwambia kabla amewaokoa hela nyingi sana, mpelekee hata kaimati.

Na hii ya "kwetu hakuna mambo haya" tuiache. Nairobi mwaka 2020 kulikuwa na mugumo pale Westlands, Waiyaki Way, uliokuwa ung'olewe kupisha ekspresi wei, watu wakapiga kelele mpaka Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri usiguswe, barabara ikapita pembeni yake. Na kwetu Bongo jaribu kupakia gogo la mninga kwenye gari bila kibali halafu upite geti la maliasili, utatusimulia.

Sasa kuomba ruhusa, na hapa ndo nataka usome polepole kwa sababu watu wengi wanakataliwa sio kwa kuwa kaunsili ina roho mbaya, wanakataliwa kwa sababu wameomba vibaya. Fomu ipo kwenye intaneti, kwenye tovuti ya taifa ya maombi ya ujenzi au ya kaunsili yenu, na ni bure, hulipi hata peni. Kaunsili ina wiki 8 za kujibu. Wakikataa mna siku 28 za kukata rufaa kwa wakaguzi wa mipango wa serikali, nayo bure. Wakikubali mna miaka miwili ya kufanya hiyo kazi, isipokuwa barua iseme vingine.

Mkiomba kuuangusha mti kwa sababu ya giza, majani, njiwa na mifereji, naomba nikwambie kabisa mtakataliwa. Kwao hiyo ndo kazi ya mti, unaangusha majani. Mifereji mnawekea wavu, kamba ya nguo mnahamisha. Ila ukiomba matawi yanayogusa nyumba yarudishwe nyuma mita mbili kutoka kwenye paa na ukutani, matawi ya chini kabisa yaondolewe mpaka kimo fulani ili mwanga upite chini yake uingie jikoni, na kichaka cha ndani kipunguzwe kidogo, hilo ni ombi la mtu anayejua anachotaka na lina nafasi kubwa. Andika mita, andika tawi lipi na liko upande gani, weka mchoro wa kiwanja unaoonyesha mti uko wapi, weka picha ya lile tawi limelala juu ya vigae. Ukiandika "kupunguza mti" basi, wanakurudishia. Na usiombe kukatwa kichwa, mti uliokatwa kichwa unachipua fimbo nyingi zilizoshikilia vibaya, baada ya miaka kadhaa zinaanza kudondoka zenyewe, utakuwa umenunua shida kwa hela yako.

Fundi miti mzuri mara nyingi anakujazia hiyo fomu mwenyewe. Muulize bima yake, muulize kama anafuata BS 3998 ambayo ndo kiwango cha Uingereza cha kazi za miti, akikutolea macho mshukuru umtafute mwingine. Fundi wa kweli swali lake la kwanza ni je mti una TPO. Huyu wenu wa van hakuuliza, alitaja bei. Asiye na bima akianguka na tawi likapita kwenye paa la jirani, hapo ndo mtajua pauni mia nne zilikuwa za nini.

Yapo mambo hayahitaji ruhusa. Matawi makavu yaliyokufa kwenye mti ulio hai mnaweza kutoa bila kuomba. Mti uliokufa wote mnawapa taarifa siku 5 za kazi kabla. Na kama kuna hatari ya sasa hivi, tuseme tawi limepasuka na dhoruba linaning'inia juu ya chumba cha watoto, mnaondoa kile tu kinacholeta hatari na mnawajulisha haraka iwezekanavyo. Lakini piga picha za kutosha kabla ya kugusa na vile vipande msichome, kwa sababu kuthibitisha ni juu yenu. Halafu kitu kingine, hata mkiwa na ruhusa mkononi, kiota cha ndege kinachotumika hakiguswi, sheria ya wanyamapori ya 1981 iko hapo, ndo maana mafundi wengi hawapendi kazi kubwa kati ya Machi na Agosti, na popo wakiwa wamekaa kwenye tundu la mti ni mwaka mzima.

Ufa. Hapa mumeo anaweza kuwa na hoja na anaweza asiwe nayo, na mi siwezi kuona ukuta wako kutoka hapa. Udongo wa mfinyanzi unasinyaa kiangazi mti ukinyonya maji na nyumba inaweza kukaa vibaya, hilo ni kweli. Ila nyufa za plasta kwenye nyumba za Uingereza ni kama mikunjo ya uso, nyingine ni umri tu. Ripotini kwa kampuni ya bima ya nyumba kabla ya kufanya chochote, watatuma mtu wa kupima, wakiona inafaa wataufuatilia ufa kwa miezi na kupima udongo na mizizi. Ripoti hiyo ndo kaunsili itaitaka, ombi linalosema mti unabomoa nyumba bila ushahidi wa mtaalamu hata halipokelewi. Na jambo ambalo huyo wa cheni soo hajui: kwenye mfinyanzi ukiangusha mti mkubwa ghafla, maji uliokuwa unayanyonya yanabaki ardhini, udongo unavimba na unaweza kuinua msingi wa nyumba juu. Mnaweza kuukata ili kuokoa ukuta na mkaupasua kwa kuukata. Mngekata kimyakimya halafu mkadai bima, mi sitaki hata kufikiria hayo mazungumzo.

Cheri wa jirani: matawi yanayovuka mpaka mnaruhusiwa kuyakata mpaka usawa wa mpaka tu, bila kuingia kwake na bila kuegemeza ngazi kwenye mti wake, na yaliyokatwa ni mali yake pamoja na matunda, mnamuuliza kama anayataka, sio kumrushia juu ya fensi. Ila kama cheri nao una TPO au mko kwenye lile eneo la hifadhi, ruhusa au taarifa ni vile vile. Mkimtumia ofisa imeili muulize miti yote miwili kwa pamoja.

Mumeo. Usimwendee na "jirani alisema kweli", hapo umeshashindwa kabla hujakaa. Na usimwendee shemeji akiwepo. Mpe ile kazi ya kutafuta: mwambie baba fulani, tuangalie karatasi za solisita tujue tumenunua nini, wewe ndo unajua zilipo. Aione TPO kwa macho yake mwenyewe kama ipo. Halafu mpe kitu cha kushinda, maana nilivyomsoma anachotaka sio mti kufa, anataka watoto walale na mkewe apike bila taa mchana, na hivyo vinapatikana kwa fomu ya bure. Jina kwenye fomu liwe lake. Ile mia na hamsini mwombeni huyo jamaa airudishe na akiing'ang'ania shemeji ndo amfuate, yeye ndo alimleta.

Wale wa Scotland, Wales na Northern Ireland, mnazo sheria zinazofanana na hizi lakini siku na fomu ni zenu, ulizeni kaunsili zenu, msibebe za England mkazipeleka Glasgow. Na mnaopanga, mti ni wa mwenye nyumba, hata tawi kavu mwandikieni yeye au wakala wake kwanza.